Kwa Nini Maji ya Kisima Hayafanani: Mwamba Ulio Chini, Watu Walio Juu

Mpwa wangu aliolewa Usa River, chini ya Mlima Meru, akitokea Tanga mjini. Wiki ya kwanza tu alinipigia simu kwa furaha. "Mjomba, huku maji ni mazuri! Sabuni unagusisha tu, povu limejaa beseni." Nilimwelewa. Kwao Tanga nyumba imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima cha uani yanakula sabuni. Unasugua mpaka mkono unachoka, povu halisimami, na juu ya maji unabaki utando mweupe kama maziwa yaliyokatika. Birika la mama yake lina gamba jeupe ndani, gumu, ambalo hulibandua kwa ncha ya kisu kila baada ya miezi kadhaa.

Baadaye alipiga tena, na safari hii sauti ilikuwa imeshuka. Alikuwa na mimba ya miezi minne, na alikuwa ameanza kuwaangalia watoto wa majirani kwa jicho la mzazi. Wengi wao meno yana mabaka ya kahawia. Mama mkwe kamwambia ni maji. Jirani kamwambia ni uchafu, watoto hawapigi mswaki. Mwingine kasema chemsha tu, yataisha. "Sasa mjomba, maji mazuri ni yepi? Ya kwetu yanayokataa sabuni au ya huku?"

Swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi. Dar es Salaam mtu anauliza kwa nini kisima kilichoanza kitamu kimegeuka chumvi. Kwingine anauliza kwa nini maji yanatoka angavu bombani na kufika jioni ndoo imekuwa nyekundu. Majibu yanayozunguka mitandaoni mara nyingi yanachanganya mambo yasiyofanana, na mchanganyiko huo una gharama, kwa sababu dawa ya tatizo moja huweza kuongeza la pili.

Vijidudu ni kitu kimoja, madini ni kitu kingine

Maji ya ardhini ni yale yaliyojaa katika nafasi ndogondogo za mchanga na katika nyufa za miamba. Wengi hudhani chini kuna mto unaopita gizani, na fundi akitoboa amekutana nao. Mito ya namna hiyo ipo mahali pachache, hasa kwenye mapango ya mawe ya chokaa. Kwingineko hali ni kama ndoo uliyoijaza mchanga kisha ukamimina maji: huyaoni, lakini ukichimba shimo dogo katikati ya mchanga yanachuruzika na kujaa. Shimo hilo ndilo kisima.

Ndani ya maji hayo mnaweza kuwamo vitu vya namna mbili. Kwanza ni vijidudu, yaani viumbe hai vinavyoleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Pili ni madini yaliyoyeyuka, kama vile chumvi inavyopotea ndani ya mchuzi: huioni, ila imo. Vijidudu vinauawa kwa moto au kwa klorini. Madini hayana uhai, kwa hiyo hayauliki. Ukichemsha lita mbili zikabaki moja na nusu, kilichoondoka ni mvuke, na floridi, madini yanayoweza kuleta mabaka kwenye meno, iliyokuwa katika lita mbili sasa imesongamana katika lita moja na nusu. Chemsha maji kwa ajili ya vijidudu, ni jambo jema na linaokoa maisha. Lakini usichemshe ukitumaini kuondoa floridi, naitreti (inayotokana na vyoo na mbolea) au chumvi, maana unayapika yakolee.

Kipimo kinachotumika ni miligramu kwa lita. Chukua tenki la lita 1,000, lile jeusi linalokaa juu ya mnara uani, kisha utie gramu moja ya kitu, kiasi kisichofika hata robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Ukikoroga mpaka kienee, una miligramu 1 kwa lita. Ni kidogo sana, na bado katika viwango hivyo vidogo ndipo afya ya meno, mifupa na damu inapoamuliwa.

Mvua hushuka na ukali kidogo

Maji ya mvua yanapoanza safari yana madini machache mno. Yakipita angani hubeba kidogo ya hewa ya kaboni, ile ile inayochemka ndani ya chupa ya soda. Yakiingia udongoni hubeba zaidi, kwa sababu mizizi na majani yanayooza huitoa kwa wingi. Hapo maji yanakuwa na ukali mdogo kama wa ndimu iliyozimuliwa mno. Ulimi hauusikii, ila jiwe linausikia. Ukitaka kuona jambo lenyewe kwa macho, kamulia ndimu juu ya kipande cha tumbawe au chokaa: kitatoa vipovu. Maji ya mvua hufanya kazi hiyo hiyo polepole, kwa miaka.

Fikiria chai. Rangi yake inategemea majani uliyotia, muda uliyoacha, na moto. Maji ya ardhini nayo ni hivyo: ni mwamba gani yamelalia, yamekaa humo muda gani, na huko chini kuna joto kiasi gani. Visima viwili vilivyoachana kwa hatua mia vinaweza kutoa maji tofauti kabisa ikiwa kimoja kimefikia nyufa zenye maji ya mvua ya masika iliyopita na kingine kimefikia maji yaliyokaa chini tangu enzi za mababu.

Kwa hiyo tukirudi Tanga, na vilevile Mombasa na sehemu kubwa ya Unguja, mwamba wa pwani ni matumbawe ya kale, yaani chokaa. Chokaa huyeyuka upesi na kuachia kalsiamu. Maji yenye kalsiamu nyingi huitwa maji magumu. Kalsiamu hushikana na sabuni na kufanya ule utando mweupe, ndiyo maana povu halisimami mpaka kalsiamu yote ishibe sabuni. Ukiyachemsha, hewa ya kaboni inatoka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka inarudi kuwa jiwe. Gamba la birika la dada yangu ni tumbawe la Tanga lililosafiri kupitia kisimani hadi jikoni. Hata maharage huyajua maji haya: kalsiamu hukaza maganda, nayo yanachelewa kuiva.

Maji magumu yanakera na yanamaliza sabuni na kuni. Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji, kwa sababu halikuona ushahidi wa kutosha wa madhara. Maneno kwamba "maji ya chokaa yanajaza mawe kwenye figo" yanasemwa kwa uhakika ambao ushahidi haujaufikia. Kinachohitaji tahadhari kwenye matumbawe ni nyufa zake, nitafika huko.

Chini ya Meru

Meru ni volkano, na jirani yake upande wa kaskazini-magharibi, ng'ambo ya nyanda kavu, ni Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani inayojulikana kutoa siku hizi uji wa moto uliojaa kaboneti ya sodiamu, jamaa ya magadi. Ukanda huu wote wa Bonde la Ufa una miamba na majivu yenye sodiamu nyingi na floridi nyingi. Mvua ikipita kwenye majivu hayo hushuka na vyote viwili.

Sasa kuna jambo ambalo mpwa wangu hakuliamini mara ya kwanza. Kalsiamu na floridi zikikutana kwa wingi ndani ya maji hushikana, zikawa jiwe liitwalo floriti, na kutuama. Kwa hiyo maji yenye kalsiamu ya kutosha hayawezi kubeba floridi nyingi, kwani kalsiamu ni kama askari aliyesimama mlangoni. Chini ya Meru askari huyo ni dhaifu. Maji yana asili ya magadi, sodiamu imetawala, na kalsiamu kidogo iliyopo hugeuka chokaa na kubaki njiani. Hapo floridi inayeyuka bila kizuizi. Na kwa kuwa hakuna kalsiamu ya kula sabuni, povu linajaa beseni.

Ule ulaini aliousifia siku ya kwanza na yale mabaka yaliyomtisha baadaye vina chanzo kimoja. Siyo kwamba kila maji laini yana floridi. Maji ya mvua ni laini kuliko yote na floridi yake ni kidogo mno. Ila katika nchi ya volkano, maji ya kisima yanayoteleza mkononi na kutoa povu upesi yanastahili kupimwa kabla ya kusifiwa.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu kuna maeneo ambayo watu hawakuwa na chanzo kingine, kabla ya kushusha kiwango hicho kufikia 1.5. Vipo vijito na visima kuzunguka Meru vinavyopita hata ile 4. Maziwa ya Momella, ndani ya hifadhi ya Arusha, yana floridi nyingi mno, na flamingo wanayapenda kwa sababu ya mwani unaostawi kwenye maji ya magadi.

Na hapa niseme wazi jambo linaloniumiza. Kijana wa Arumeru akienda kusoma mkoa mwingine huulizwa mbele za watu kama hapigi mswaki. Nimewaona wanaoziba mdomo kwa kiganja kila wakicheka, na kwenye picha wanafunga midomo. Mabaka hayo hayatoki kwenye uchafu. Gamba la nje la meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi, tangu mtoto anapozaliwa hadi kufikia miaka 8 hivi. Floridi ikizidi katika kipindi hicho, gamba linajengwa na matundu madogo, jino linachomoza na ukungu mweupe, kisha matundu yanashika rangi ya kahawia. Mswaki haufiki huko, wala mkaa, wala majivu. Mtu mzima aliyehamia Arusha meno yakiwa yameshakomaa hatapata mabaka hayo hata akinywa maji yale miaka kumi. Lakini mifupa yake haijasalimika: floridi nyingi kwa miaka mingi huikakamaza, viungo vinauma, mgongo unakataa kupinda, na kwa watoto waliokunywa maji yenye floridi nyingi sana miguu inaweza kupinda.

Kitu kingine kinachosahaulika ni magadi. Tunayatia kwenye makande, kwenye kiburu, kwenye maharage yanayokataa kuiva. Magadi yanayookotwa kingo za maziwa ya Bonde la Ufa hubeba floridi ya huko huko, kwa hiyo familia inaweza kuwa na maji mema na bado ikaila floridi kwenye sufuria.

Meru siyo peke yake. Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa nchini Kenya zina kisa hicho hicho. Singida na Shinyanga nako kuna floridi, ingawa hakuna volkano ya jana wala juzi. Huko mwamba ni matale, yale mawe makubwa ya mviringo yanayosimama mashambani kama kundi la tembo waliolala. Ndani ya matale kuna madini yenye floridi yanayoachia taratibu, na ukame husaidia kuyakoleza kwa sababu mvua ya kuyazimua ni haba.

Bahari inaposogea

Mpaka hapa aliyefanya kazi ni mwamba. Dar es Salaam kisa kinaanza na watu. Ukame wa 1997 uliposhusha maji ya mto Ruvu, visima vilichimbwa kwa kasi jijini kote, na kasi hiyo haijakoma. Mwenye nyumba karibu na ufukwe anachimba, maji yanatoka baridi, yaani yasiyo na chumvi, anafurahi, anauzia na majirani. Miaka inapita, chai inaanza kuwa na ladha ya ajabu, bomba za bafuni zinaota kutu, na michicha uani inaungua ncha.

Maji baridi ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo chini ya ardhi ya pwani hukaa juu ya maji chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Uwiano wao ni wa kushangaza: pale ambapo maji baridi yamesimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna takriban mita 40 za maji baridi kabla ya kukuta chumvi. Mahesabu hayo yana upande wake mchungu. Visima vikishusha maji kwa nusu mita tu, chumvi ya chini ina nafasi ya kupanda kama mita 20. Haipandi siku hiyo hiyo. Inapanda kimyakimya, na ikifika kwenye pampu haishuki upesi hata ukizima.

Inahitajika kidogo tu. Maji ya bahari yana karibu miligramu 19,000 za kloridi, sehemu kuu ya chumvi, kwa lita, na ulimi wa watu wengi huanza kushtuka kwenye 250 hivi. Nusu lita ya bahari ndani ya ndoo ya lita 20 inatosha kuipitisha hapo. Unguja iko hatarini kwa namna ya pekee, kwa kuwa maji yake baridi ni kama bakuli linaloelea, bahari ikiwa pande zote na chini pia.

Siyo kila chumvi ni bahari iliyoingia, hata hivyo. Kuna udongo wa pwani uliotandazwa na bahari zamani sana, na chumvi yake imebaki humo. Tofauti mtu anaweza kuanza kuiona mwenyewe: kisima chenye chumvi tangu siku ya kwanza mara nyingi kina sababu ya mwamba; kilichoanza kitamu kikazidi chumvi kadiri kinavyovutwa, kina sababu ya pampu, na pengine siyo pampu yake peke yake bali za mtaa mzima. Ndiyo maana kuchimba bila kibali na bila kuandikisha siyo siri ya mtu na ua wake. Maji ya chini hayajui ukuta wa fensi.

Kinachotoka chooni

Chukua mtaa uliojengwa kwa haraka: viwanja vidogo, kila kimoja na choo cha shimo upande mmoja na kisima upande mwingine. Watu wanaogopa vijidudu, na wako sahihi. Lakini kinyesi na mkojo vina naitrojeni pia, na ikikaa kwenye udongo wenye hewa, bakteria huigeuza kuwa naitreti. Mchanga mzuri huweza kuchuja vijidudu vingi njiani, navyo vingine hufa vyenyewe. Naitreti haifi wala haishikwi na mchanga. Inateremka na mvua hadi kwenye maji, na kila mwaka inaongezewa nyingine.

Kwa hiyo kisima kinaweza kupimwa kisikutwe na kijidudu hata kimoja, na bado kikawa kinapokea maji ya choo. Naitreti ni shahidi. Katika nchi nyingi za mwamba mgumu hakuna jiwe la kuitoa kwa wingi namna hiyo, hivyo ikionekana kwa wingi tunajua imetoka kwa watu, mifugo au mbolea ya shambani. Dodoma jambo hili limechunguzwa tangu miaka ya 1990, na visima vya maeneo ya makazi vilikutwa na naitreti nyingi huku majitaka yakitajwa kuwa chanzo kikuu.

Kikomo ni miligramu 50 kwa lita, nacho kimewekwa kwa kuwafikiria watoto wachanga wa chini ya miezi 6 wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Naitreti ikigeuka tumboni mwao huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni vizuri, midomo na kucha zikawa na rangi ya samawati. Mama aliyechemsha maji kwa uangalifu, kwa nia njema kabisa, anakuwa ameyakoleza. Mtoto anayenyonya ziwa la mama yuko salama zaidi hapa.

Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima unatajwa sana, na ni mwanzo mzuri. Ila umbali hauna maana moja kwenye kila mwamba. Katika mchanga laini maji hutembea kwa mwendo wa kinyonga. Katika matumbawe yenye nyufa na mapango, kama Mombasa na Unguja, maji ya choo yanaweza kukimbia mita nyingi kwa muda mfupi bila kuchujwa. Hii ndiyo tahadhari ya pwani niliyoahidi: gamba la birika lisikutishe, choo cha jirani juu ya matumbawe kikutishe.

Dodoma inanipa pia picha ninayoipenda. Eneo la visima vya Makutupora, ambalo limelinywesha jiji kwa miongo mingi, lina kumbukumbu za kina cha maji za zaidi ya nusu karne. Zinaonyesha kwamba mvua za kawaida haziongezi kitu cha maana. Hazina hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, na mkubwa kuliko yote ulikuwa wa El Niño, 1997/98. Msimu ule ule tunaoukumbuka kwa madaraja yaliyokatika ndio uliojaza matumbo ya ardhi. Basi chochote tunachomwaga juu ya eneo kama lile kinangoja mvua ya namna hiyo ikishushe.

Chuma kinachoonekana na aseniki isiyoonekana

Ndoo inayogeuka nyekundu jioni ina madini ya chuma. Chini ardhini, pasipo na hewa, chuma huyeyuka na maji yanakuwa angavu. Yakikutana na hewa juu, chuma hicho kinakuwa kutu na kutuama. Chai ya maji hayo huwa nyeusi kama wino mwepesi, na nguo nyeupe hupata manjano. Haipendezi, lakini kwa viwango vya kawaida ni usumbufu kuliko hatari. Kuyamimina kutoka ndoo hadi ndoo mara kadhaa, kuyaacha yatulie na kuyachuja kwa mchanga huondoa sehemu kubwa.

Aseniki, ambayo ni sumu, ni kinyume chake. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Katika ukanda wa dhahabu kuzunguka Geita na Ziwa Viktoria, miamba inayobeba dhahabu mara nyingi inabeba pia madini yenye aseniki. Baadhi ya maji ya ardhini huko yameipata kutoka kwenye mwamba wenyewe. Na pale mtu anapochimba, kusaga mawe na kuacha marundo yanyeshewe, jiwe lililokuwa limefungwa gizani linakutana na hewa na maji na kuachia haraka zaidi. Kikomo chake ni miligramu 0.01 kwa lita, sawa na gramu moja ndani ya matenki mia ya lita 1,000.

Bangladesh ilijifunza kwa uchungu. Kuanzia miaka ya 1970 visima vya bomba vilichimbwa huko kwa wingi ili watoto wasife kwa kuhara kwa kunywa maji ya madimbwi. Kuhara kulipungua. Mwaka 1993 ndipo aseniki ilipogunduliwa ndani ya visima hivyo, na ikaja kuonekana kwamba makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wakiinywa. Maji yalikuwa angavu muda wote.

"Chimba zaidi, utapata maji safi"

Ushauri huu nimeusikia kwa mafundi na kwa wenye nyumba, na unauma kwa sababu una ukweli nusu. Mtaani penye vyoo vingi, kisima kirefu kilichozibwa vizuri sehemu ya juu hukwepa naitreti na vijidudu. Karibu na ufukwe, mita za ziada zinaweza kukuingiza kwenye chumvi. Chini ya Meru au kwenye matale, maji ya kina kirefu mara nyingi ni ya moto zaidi na yamekaa na mwamba muda mrefu, kama chai iliyosahauliwa jikoni, na floridi yake inaweza kuwa juu kuliko ya kisima kifupi. Na bado Kimbiji, kusini mwa jiji la Dar es Salaam, visima vya mamia ya mita vinatoa maji baridi kwa sababu tabaka la mchanga la huko limejaa maji ya mvua hadi kina kikubwa. Kina peke yake hakisemi kitu mpaka ujue unachimba nini.

Vivyo hivyo na dawa. Klorini ni ya vijidudu tu. Shabu hutuamisha tope. Kile kipande unachozungusha ndani ya ndoo hakitoi floridi ya kutosha. Chujio la mshumaa wa udongo huzuia uchafu na vijidudu vingi, madini yanapita. Kwa floridi, kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Usa River, kimeendeleza njia ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa kwa joto linalodhibitiwa na hewa kidogo, na mkaa wake hunasa floridi maji yanapopita. Inafanya kazi. Ila mkaa hushiba na lazima ubadilishwe, na mifupa iliyochomwa ovyo nyumbani hutoa maji yenye harufu na ladha mbaya, kwa hiyo siyo kazi ya kujaribu kwenye jiko la uani. Mitambo ya kusukuma maji kupitia utando laini huondoa karibu kila kitu, chumvi na floridi pia, kwa yule anayemudu gharama yake na umeme wake.

Nilimwambia mpwa wangu jambo moja la kwanza: mtoto hajazaliwa, una muda. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Chukua chupa safi ya plastiki, acha pampu ivute dakika kadhaa ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke, suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale, ijaze hadi juu, andika tarehe, mahali na kina cha kisima. Ya kupima vijidudu hutaka chupa maalumu ya maabara, waulize kabla. Usiombe "kupima kama maji ni safi", maana swali hilo halina jibu moja. Taja unachokiogopa: Meru na Singida floridi, mtaani naitreti, pwani kloridi, ukanda wa dhahabu aseniki. Kisha rudia msimu wa mvua kama ulipima kiangazi.

Alipeleka. Floridi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kikomo. Mumewe alifunga mfereji wa bati upande mmoja wa paa na kununua tenki. Mvua ya kwanza ya msimu wanaiacha ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ya pili ndiyo wanayokinga. Maji ya tenki ni ya kunywa, chai na uji wa mtoto, baada ya kuyachemsha. Magadi ameyaacha, maharage analoweka usiku kucha. Kisima bado kinatumika kila siku, kwa kufulia, na povu lake linajaa beseni kama alivyoniambia wiki ile ya kwanza.